Mshika Kamba

Kazi yangu ilikuwa kuchimba vyoo. Miaka arobaini na ushei. Nilianza na sururu ya kuazima, nikamaliza na mgongo uliopinda. Shule sikwenda. Shimo halitaki shule. Linataka mtu wa chini na mtu wa juu.

Mtu wa juu alikuwa mke wangu.

Watu walicheka. Wachimbaji wenzangu walishikiwa kamba na wanaume, wapiga soga, ambao saa ya chai wanaondoka na kukuacha futi ishirini chini ukitazama kipande cha mbingu kikubwa kama sahani. Mimi nilishikiwa na mke wangu. Wakamwita Mama Kamba, na jina likamganda. Siku ya kumzika, mtangazaji alitaja jina lake la kweli, watu wakatazamana. Mmoja akasema, "Jamani, si Mama Kamba huyo?" Ndipo vilio vikaanza.

Tulikuwa na lugha yetu. Kamba ikivutwa mara moja kutoka chini, ndoo imejaa, pandisha. Mara mbili, nitoe. Hewa ya chini hubadilika bila kukuaga. Mtu anaanza kusinzia, anaona raha, hawezi hata kupiga kelele. Kuvuta mara mbili anaweza. Na kila baada ya kitambo, awe anachambua mboga au ananyonyesha pale juu, aliinamisha kichwa shimoni.

"Upo?"

"Nipo."

Basi. Siku nzima hayo tu. Sikuwahi kumwambia kwamba chini kule nilikuwa naogopa. Nadhani alijua, maana kadiri shimo lilivyokwenda chini ndivyo alivyouliza mara nyingi zaidi.

Alikufa kwa kifua, miezi mitatu iliyopita. Siku kumi na moja hospitalini. Siku ya mwisho nilimuuliza mimi, "Upo?" Akafungua jicho moja, akacheka kidogo. Hakujibu.

Sasa niseme habari ya uwanja.

Nyuma ya nyumba yetu kuna uwanja. Zamani palikuwa na vyumba vya kupanga, safu tatu, mali ya mtu mmoja bahili tukimwita Kipara. Vyoo vyake nilichimba mimi. Kimoja kikijaa, alinionyesha mahali pengine palipo na nafasi, nikachimba. Kilichojaa tulikifunika. Magogo kwa mlalo, bati kuukuu juu yake, udongo juu ya bati. Ndivyo ilivyofanywa enzi zile. Nani alikuwa na kifusi cha kujaza?

Tatizo ni kwamba kilichomo hakikai vile vile. Kinakauka, kinashuka. Miaka ikipita unabaki uwazi, na magogo yanaoza. Juu majani yanaota, unatazama unasema ni ardhi.

Mke wangu hakupenda jambo hilo. Kila shimo nililolifunga, alikata tawi la mnyaa akalichomeka katikati. Mnyaa hauhitaji kumwagiliwa. Ukiuvunja unatoa maziwa meupe, yakiingia jichoni utajuta. Hakuna anayekaa chini ya mnyaa, wala anayepenyeza mwili wake hapo kutafuta njia ya mkato. Hiyo ndiyo ilikuwa akili yake. Pale uwanjani minyaa ilikuwa saba, na mashimo saba.

Kipara alikufa, vyumba vikabomoka, watu wakatupa taka. Uwanja ukawa jalala lenye minyaa. Tuliojua kilichokuwa chini ni mke wangu na mimi.

Baada ya mazishi nilijifungia. Binti yetu, msusi wa nywele, anakaa mtaa wa pili, alikuja kila siku kunipikia. Ana mwendo wa mama yake. Hatua fupi fupi za haraka, ndala zikipiga kisigino. Mara tatu nilimsikia barazani nikainuka kitandani kumpokea mke wangu. Mara ya nne nikamwambia awe anavua ndala mlangoni. Hakuuliza kwa nini. Akavua.

Katika siku hizo alikuja mwenyekiti wa kikundi. Kikundi ni cha majirani wanaojitolea. Wamezibua mitaro, wamepanda miti kando ya barabara, wamepaka rangi ukuta wa zahanati. Mwenyekiti ni fundi cherehani, mama mnene mwenye sauti ya upole, futi ya kupimia ikining'inia shingoni hata siku ya mapumziko.

"Hodi, baba. Shikamoo."

"Marahaba." Sikuinuka. Tuliongea mlango ukiwa umefungwa.

"Pole tena, baba. Samahani kukusumbua. Ile minyaa ya uwanjani, tunaambiwa aliipanda marehemu mama. Tunataka kusafisha pale, tupande miti ya kivuli na ya matunda, watoto wapate pa kuchezea. Sasa minyaa ina maziwa mabaya. Tumeona tuombe ruhusa yako kwanza."

Nilikuwa nimelala nikitazama ukuta.

"Ing'oeni."

"Yote, baba?"

"Yote."

"Mungu akubariki, baba."

Nisiseme uongo. Sikusahau kwamba ni mimea ya mke wangu. Ndiyo maana nilitaka ing'olewe. Kila nikitoka kunawa uso naiona imesimama pale, yeye hayupo. Nilitaka iondoke. Kilichokuwa chini yake hakikunijia akilini kabisa. Mimi, niliyeyachimba kwa mikono yangu.

Wiki mbili nilisikia reki, toroli na vicheko. Nikavuta shuka.

Jumatano moja asubuhi maji ya ndani yalikatika, nikatoka na ndoo kwenda kwenye bomba la pamoja, lililo ukingoni mwa uwanja. Nikafungua koki, nikainua macho.

Palikuwa peupe. Pamesawazishwa, pamepigwa reki kama nywele zilizochanwa. Vigingi vidogo vimepangwa kuonyesha kila mti utakapokaa. Kwa mbali, kuelekea ghala la jirani, rundo kubwa la samadi na mchanga. Mnyaa hata mmoja hakuna.

Na katikati walikuwa wanapita watoto wa chekechea. Sare za bluu, mstari mmoja, kila mmoja ameshika shati la mwenzake, mwalimu wao mbele. Zamani hawakupita hapo. Palikuwa na taka, vioo na minyaa, mtu apite ili iweje? Kikundi kilipopasafisha ndipo kilipopafanya njia.

Nilitaka kupiga kelele. Halafu nikawaza, nikipiga kelele watasimama, na wakisimama wote mahali pamoja itakuwaje? Nikanyamaza. Niliwatazama miguu. Miguu midogo, viatu vyeusi. Wa mwisho alikuwa kasichana kanene, kameachwa nyuma, kakaruka ruka mara tatu ili kafikie shati la mwenzake. Kila kakiruka, nilikamata bomba kwa nguvu.

Walivuka. Ndoo ilikuwa imefurika zamani. Niliiacha pale pale.

Binti yangu alinikuta nimekaa sakafuni.

"Baba! Umeanguka?"

"Sijaanguka. Kaa."

Nikamweleza. Alisikiliza mkono ukiwa mdomoni.

"Yako wapi hayo mashimo, baba?"

"Aliyekuwa anajua ni mama yako."

"Si wewe uliyachimba?"

"Mimi nilikuwa chini. Chini kote kunafanana. Vyumba vimebomolewa, ukuta wa Kipara haupo, nipime kutoka wapi? Yeye alikuwa juu anaona. Ndiyo maana alipanda."

Tulikwenda kwa mwenyekiti, kwenye kibanda chake cha kushonea. Alikuwa na mteja, amemzungushia futi kiunoni. Nilisema maneno machache tu. Futi ikamwanguka.

"Saba, baba?"

"Saba."

"Lakini wewe si ndiye uliyesema..."

"Nilisema. Kosa ni langu."

Alimwambia mteja arudi kesho, akafunga kibanda. Njiani akamwita fundi wa kuchomelea vyuma, kijana mrefu wanayemwita Cheche, ambaye ndiye mkono wa kulia wa kikundi. Cheche aliponisikia alicheka, kisha akaona sicheki.

"Mzee, mimi nimepita pale na toroli la mawe mara mia."

"Basi una bahati."

"Kwa hiyo wiki mbili tumekuwa tunatembea juu ya vyoo?"

"Juu ya vifuniko vyake."

"Na vifuniko vikoje?"

"Vimekuzidi umri."

Akatazama viatu vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine.

Upandaji ulipangwa Jumamosi. Mwalimu wa chekechea angeleta watoto wote, kila mmoja na mche wake mkononi. Mwenyekiti akasema tuahirishe, mwalimu akakubali. Lakini kuahirisha hakukuondoa njia. Tulizungusha utepe mwekundu uwanja mzima. Nikiwa nimesimama pale pale, mama mmoja akainama chini ya utepe na beseni lake la nguo kichwani.

"Mama, rudi!" Cheche akapaza sauti. "Kuna mashimo!"

"Yako wapi? Mbona siyaoni?"

"Hata sisi hatuyaoni!"

"Sasa kama hamyaoni mnanizuia nini? Mmepanda utepe badala ya miti?" Akaendelea zake, akitikisa beseni. Nilifumba macho mpaka niliposikia ndala zake kwenye lami.

Alhamisi nilianza kazi. Niliomba ngazi ndefu, nikailaza chini. Ukitembea juu ya ngazi iliyolala, uzito wako unagawanyika. Nikatambaa juu yake kwa magoti, mtaimbo mkononi, nikigonga mbele yangu. Ardhi nzima inasema ti. Ardhi yenye uwazi chini inasema bu. Tofauti ni ndogo. Niliwakataza watu kuongea. Mwenyekiti alisimama kwenye utepe, Cheche akawa anaisogeza ngazi kila nikimaliza kipande. Binti yangu alikaa bombani akifukuza wapita njia kwa maneno ambayo mama yake asingeyatumia.

Ti. Ti. Ti. Jasho lilinitoka si kwa jua.

Kilichonisaidia ni mizizi. Wale wa kikundi waling'oa kwa nguvu, mizizi mingine ikakatikia ardhini. Nilipokwangua udongo kwa kisu, palipokuwa na mnyaa pakatoa tone la maziwa. Hapo nagonga taratibu. Bu. Naweka kigingi chenye kitambaa chekundu, narudi nyuma kwa magoti. Moja lilikuwa hatua mbili kutoka pale kale kasichana kaliporuka. Nilipoligonga, mtaimbo ulizama mpaka mkononi, na upepo wa baridi ukapanda. Harufu haikuwepo tena. Baridi tu.

Kufikia Ijumaa saa nne tulikuwa na sita.

La saba halikuonekana. Nilipitisha ngazi upande huu na huu. Hakuna mzizi, hakuna bu.

"Cheche," nikasema, "mnyaa mkubwa kuliko yote. Ule wa shimo la kwanza. Nani aliung'oa?"

Akajikuna kichwa. "Mimi, mzee. Ule niliung'oa wote na mizizi yake. Niliufunga mnyororo nikavuta na pikipiki. Walinipigia makofi."

"Ulikuwa wapi?"

"Mzee, palikuwa pori. Taka kila mahali. Siwezi kukudanganya."

Nilikaa kwenye zege la bomba. Hilo la saba lilikuwa refu kuliko yote. Nilichimba bado nina nguvu, futi ishirini na tano. Nilitazama uwanja ule mpana uliochanwa vizuri, nikahisi kama niko chini na hakuna mtu juu.

Binti yangu akakaa karibu yangu. "Baba. Mama alikuwa anawaelekezaje wapangaji wapya? Si walikuwa wanauliza choo kiko wapi?"

Hapo nikakumbuka sauti yake. Siku zile choo kilikuwa kimoja na vyumba vilikuwa vinajengwa. Mpangaji akiuliza, mke wangu alisimama bombani, akalipa bomba mgongo, akanyoosha mkono kwenye pembe ya ghala. "Elekea pembe ile. Kumi tatu na moja ya juu." Maana yake hatua thelathini na moja; alikuwa hajui kuhesabu kwa namna nyingine. Bomba ni lile lile. Ghala lipo mpaka leo.

Nikainuka. Nililipa bomba mgongo, nikatanguliza mtaimbo, nikahesabu. Kumi, kumi, kumi na moja. Njiani nililizunguka rundo la samadi kama mtu yeyote anavyolizunguka rundo. Nikaishia karibu na ukuta wa ghala. Ti. Mwamba mtupu.

"Labda halipo, mzee," Cheche akasema.

"Lipo."

Binti yangu alikuwa ananitazama miguu. "Baba, mama alikuwa anakufika begani. Hatua yake si hatua yako."

Mwenyekiti akashika futi yake. "Tukijua hatua yake ilikuwa na urefu gani, tunapima." Kisha akatikisa kichwa. "Nina kifua chake kwenye daftari. Kiuno, mkono, urefu wa gauni. Hatua sina."

Nilijua binti yangu atasema nini, na sikutaka aseme.

"Nitahesabu mimi, na ni hapa hapa. Kwenye lami hatua hubadilika."

"Hapana."

"Baba, si wewe uliyenivulisha ndala?"

Sikujua kama alielewa. Kumbe alielewa siku ile ile.

"Hapana," nikasema. "Nimezika mmoja."

"Na Jumatatu watoto wakipita? Au yule mama wa beseni? Utakaa bombani maisha yako yote?"

Ningekaa. Ndivyo nilivyotaka kumjibu. Lakini kukaa huko hakuwezi kumzuia kila mtu, na nilijua.

Niliingia ndani nikavuta sanduku kutoka chini ya kitanda. Kamba zilikuwa mbili. Mke wangu alizifua nilipostaafu, akazikunja, akazifunga kwa kitambaa kama nguo za mtoto. Nilizipitisha mkononi shibiri kwa shibiri nikitafuta uzi uliochoka. Niliziunga kwa fundo. Nilifunga mara ya pili. Nikalivuta fundo na Cheche, yeye huku mimi kule, mpaka akasema mikono inamuuma.

Nilimfunga binti yangu chini ya makwapa, kama nilivyofungwa mimi. Ana miaka thelathini na nne. Nilipokaza kamba aliinua mikono kama alivyokuwa akiinua nikimvalisha shati.

"Ukisikia kitu chochote, simama. Nikisema rudi, rudi. Usigeuke, rudi kinyumenyume kwenye nyayo zako."

"Ndiyo, baba."

"Na usiongee na mtu. Hesabu tu, kwa sauti."

Nilikaa chini, nikakanyaga ukingo wa zege la bomba kwa nyayo zote mbili, nikapitisha kamba mgongoni. Mke wangu alikaa hivyo.

"Mzee, nipe nishike mimi," Cheche akasema. "Nina nguvu kukuzidi."

"Kaa nyuma yangu. Shika mkia."

Akakaa. Mwenyekiti akashika mwisho kabisa, futi yake ikiburuta vumbini.

Binti yangu akavaa ndala. Akalipa bomba mgongo. Akaanza.

"Moja. Mbili. Tatu."

Ndala zilipiga kisigino. Ilikuwa yeye kabisa. Nilitoa kamba kidogo kidogo, isilegee, isimvute.

"Kumi. Moja. Mbili."

Alihesabu kama mama yake, kumi kisha anaanza upya. Kwenye kumi ya pili sauti yake ilikuwa nyembamba. Mbele yake, katika mstari ule ule ulionyooka, kulikuwa na rundo la samadi.

Nilikuwa nimelizunguka. Sote tulilizunguka. Tani mbili, lori lililimwaga kwa kurudi nyuma, na wiki nzima kikundi kilipumzika pale wakila mkate na chai, migongo ikiegemea. Hata mimi asubuhi ile nilikuwa nimeegemeza ngazi hapo. Nilijiambia, kama palikuwa na shimo rundo lingekwisha zama. Nilijiambia hivyo kwa sababu nilitaka liwe hivyo. Magogo ya shimo la kwanza nilichagua mwenyewe, magogo mazito kuliko yote. Yalikuwa yamelibeba rundo lile. Yalikuwa yanalibeba bado.

"Kumi mbili na saba. Na nane."

"Simama!"

Alisimama. Ncha za ndala zilikuwa zinagusa ukingo wa samadi.

"Baba, ni rundo. Bado tatu, niingie..."

"Rudi! Rudi sasa hivi!"

Alinyanyua mguu kurudi. Hakuwa amekanyaga kitu kipya. Nilisikia kwanza, mlio mzito kama mlango wa zamani unaofunguliwa mbali. Kisha katikati ya rundo pakatulia, pakashuka, taratibu, kama mtu mzee anayeketi. Kisha rundo zima likaenda, na ardhi aliyokuwa amesimama ikaenda nalo.

Kamba ilinikata mgongo. Matako yaliburutika vumbini, nyayo zikagonga zege. Nikashika. Nyuma yangu Cheche alipiga ukelele, akashika. Vumbi lilipanda, sikuona kitu. Kamba ilikuwa imekaza, inatetemeka.

"Upo?"

Kimya.

"Upo?"

Kimya. Mwenyekiti alikuwa anaita jina la Mungu. Nikamwambia anyamaze. Nilitaka kusikia.

Kamba ikavutwa. Mara mbili.

Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa mtoto wa mgongoni siku zile, amefungwa kwa khanga, mama yake akishika kamba. Aliona. Mara mbili.

"Vuta," nikasema. "Pole pole. Msikurupuke. Vuta."

Tulimvuta. Kwanza ikatokea mikono, kisha kichwa cheupe kwa vumbi, mdomo umejaa samadi, ndiyo maana hakuweza kujibu. Alitambaa kwa tumbo. Alipofika kwenye zege la bomba alitema, akakohoa, akasema, "Nipo." Alikuwa amepoteza ndala moja. Niliishika ile iliyobaki mguuni mwake, sikuiachia mpaka jua lilipofika utosini.

"Kumi tatu na moja," Cheche akasema baadaye akitazama shimo lililo wazi, giza kama kaniki ndani. Mikono yake yote miwili ilikuwa inatoka damu. "Yule mama alikuwa na kipimo."

Wiki tatu walijaza. Waashi walileta kifusi, wenye matoroli walileta mawe, hata yule mama wa beseni alikuja na beseni lake la kokoto. "Nimekuja kuyaona mashimo yenu," akasema. Kila shimo nilishindilia mwenyewe mpaka likasema ti. Shimo la kwanza nilikataa mti wao. Nilichomeka tawi la mnyaa. Mwenyekiti akasita, "Maziwa yake, baba..." kisha akaacha. Cheche akauzungushia uzio mdogo wa chuma.

Jumamosi ya kupanda, watoto walikuja arobaini na mbili. Waliniwekea kiti mbele, chenye mto. Sikukaa. Nilikaa bombani, kamba mapajani.

"Mzee, leo unavua samaki?" Cheche akanitania.

Nilisema mashimo ni saba, na watu wote waliniamini. Lakini upo mwaka niliugua homa, nikachimba nusu nikiweweseka, na siku hizi sikumbuki vizuri kama shimo lile, ambalo sikulifunga mimi, lilikuwa kwa Kipara au ng'ambo ya barabara. Nafikiri ng'ambo ya barabara. Ningemuuliza yeye. Sina wa kumuuliza.

Watoto walitawanyika, kila mmoja na mche wake. Kale kasichana kanene kaliruka ruka.

"Mpo?" nikaita.

Waligeuka. Walidhani ni mchezo.

"Tupo!"

Binti yangu, amesimama kati yao na ndala mpya, alinitazama. Nikahesabu vichwa. Nikangoja kidogo, nikauliza tena.